Bodaboda ya Sentimita 17: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Pikipiki yenye urefu wa mita mbili, ukiipunguza mara 12, inabaki na sentimita 17 hivi. Kipimo hicho, 1/12, ndicho kilichozoeleka kwenye maboksi ya pikipiki za plastiki yanayotoka Japani kwa majina kama Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi. Ndani ya boksi unakuta vipande vidogo vidogo vikiwa bado vimeshikamana na matawi yake, tairi laini, stika za kulowekwa majini na kitabu cha maelekezo. Unakata, unapiga msasa, unapaka rangi, unaunganisha, hadi chombo kisimame kwa stendi yake.

Dar es Salaam ni jiji ambalo kila kona ina kijiwe cha boda. Ungedhani hapa ndipo mahali pa kazi hii. Lakini anayeianza anakutana na maneno mengi kabla hajakutana na vipande, na mengi ya maneno hayo hayana msingi. Nayachukua hapa kwa zamu, na nitakaa zaidi pale penye mambo.

“Hiyo ni midoli ya watoto.”

Si kweli. Mtoto hapewi wembe, gundi yenye kemikali kali na kipande chenye ukubwa wa punje ya mchele. Na historia yenyewe inakataa. Tarquinio Provini alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki kutoka Italia, akishinda taji la 125cc mwaka 1957 na la 250cc mwaka 1958. Mwaka 1966 alianguka vibaya katika mbio za Isle of Man na kuumia uti wa mgongo, na huo ukawa mwisho wake kwenye mashindano. Alianzisha kampuni ya Protar, iliyotengeneza modeli za pikipiki kwa kipimo cha 1/9, na baadhi yake ni za mashine alizozijua kwa kuzipanda mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hakuwa akicheza.

“Boksi la pikipiki aina ya Boxer halipo, kwa hiyo bodaboda haijengeki.”

Si kweli, na hapa ndipo penye utamu wa kazi yote.

Ni sahihi kwamba katalogi za makampuni makubwa zimejaa mashine za mbio na za kifahari. Ukitaka chombo cha kazi unaweza kupata Honda Super Cub 110 ya Fujimi, mjukuu wa ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1958 na ambayo kufikia mwaka 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100. Lakini anayetaka bodaboda ya Kariakoo alichukulie boksi kama mzigo wa malighafi. Tafuta pikipiki yenye silinda moja, fremu ya bomba na rimu za spoku. Yamaha SR400 ya Aoshima ni mfano mzuri. Injini yake halisi ina ujazo wa cc 399, ilhali SanLG, Toyo na wenzao wa barabara zetu wana 125 au 150, kwa hiyo utainyoa: punguza mapezi ya silinda, fanya kichwa kiwe kidogo, sogeza ekzosi. Pikipiki nyingi za Kichina tunazoziona zina injini iliyotokana na Honda CG125 ya miaka ya 1970, ambayo kemu yake imekaa chini na kusukuma valvu kwa vijiti. Ndiyo maana kichwa chake cha silinda ni kidogo. Ukilijua hilo, hutakata plastiki kwa kubahatisha.

Kisha chukua futi kamba uende kijiweni. Omba ruhusa kwanza. Chombo cha boda mara nyingi kina tajiri wake, na dereva anayedaiwa hesabu kila jioni hana sababu ya kumwamini mtu anayeizunguka pikipiki yake akipiga picha namba na kupima fremu. “Habari za kazi, kaka. Naomba nipime chombo chako kidogo, najenga mfano wake.” Mwonyeshe picha ya kazi uliyokwisha kuifanya. Mara nyingi atakushikia yeye mwenyewe upande wa pili wa futi.

Anza na tairi, kwa sababu lenyewe limeandikwa vipimo. Tairi la nyuma la Boxer lina maandishi 3.00-17: upana inchi 3, rimu inchi 17. Inchi 17 ni milimita 432. Gawanya kwa 12 unapata milimita 36. Upana wa inchi 3 ni milimita 76, ukigawanya unapata 6 na kidogo. Rimu ya nyuma ya SR400 ni ya inchi 18, yaani milimita 38 kwenye modeli. Tofauti ya milimita mbili inaonekana ndogo mpaka uweke vyombo viwili sambamba: kimoja kinakaa kama boda, kingine kimenyanyuka kama cha wageni.

Baada ya tairi pima urefu wa ekseli hadi ekseli, kimo cha siti, upana wa usukani, na umbali kutoka tangi hadi mwisho wa keria. Vipimo hivyo vichache vikiwa sahihi, jicho la mtu wa Dar litaitambua pikipiki hata kabla haijapakwa rangi. Vikikosewa, stika mia hazitaiokoa.

“Ukibadilisha kilichomo kwenye boksi umeharibu.”

Si kweli kabisa, na kwa bodaboda nasema kinyume chake: modeli iliyofuata kiwanda neno kwa neno ndiyo yenye uongo. Pikipiki haimalizi siku nyingi mikononi mwa dereva wa Dar kabla haijaguswa. Inafungwa bampa la chuma la kukinga miguu. Keria ya nyuma inachomelewa upya iwe ndefu, ibebe gunia la viazi au boksi la friji. Siti inavalishwa kava. Usukani unapata kishikio cha simu. Taa za LED zinaongezwa, tepu za kuakisi zinabandikwa kwenye shokapu, na kizuia tope cha nyuma kinapata jina la mtoto, jina la Mungu, au rangi za Simba au Yanga. Dereva ndiye mbunifu wa kwanza. Wewe unayejenga kwa plastiki unanukuu kazi yake.

Na ubunifu huu una ukoo mrefu. Chopa (pikipiki zilizokatwa na kubuniwa upya) mbili maarufu kuliko zote duniani, zile za filamu ya *Easy Rider* ya mwaka 1969, zilitokana na kazi ya Wamarekani Weusi wawili, Cliff Vaughs na Ben Hardy, na kwa miaka mingi majina yao hayakutajwa popote. Nalitaja hili kwa sababu nasikia vijana wakisema kubuni pikipiki ni mambo ya Wazungu. Si mambo ya Wazungu. Watu wetu wanafanya hivyo kila siku juani, kwa mashine ya kuchomelea na nondo, na wao pia majina yao hayaandikwi.

Nondo hizo zinaingia kwenye modeli kwa urahisi wa kushangaza. Nondo ya milimita 12, ikipunguzwa mara 12, ni waya wa milimita moja. Waya wa umeme wa nyumbani wa 1.5, ule wa taa wenye uzi mmoja, ukiuchuna una kipenyo cha milimita 1.4 hivi, sawa na bomba la milimita 17 kwenye pikipiki halisi. Ule wa 2.5 wa soketi una milimita 1.8, sawa na bomba la 21. Mabaki ya fundi umeme mmoja yanatosha keria, bampa na usukani. Kunja waya taratibu kwenye koleo lenye mdomo wa mviringo, ulinganishe na mchoro uliouchora kwa ukubwa uleule wa modeli, na uunganishe kwa risasi ya kuchomea. Supagluu pekee itaachia siku ya kwanza utakapoishika keria kwa kidole.

“Vifaa vyake havipatikani Tanzania.”

Boksi lenyewe, ni kweli kwa kiasi kikubwa: litakuja kwa mzigo wa mtu anayesafiri au kwa posta. Mengine yote yako Kariakoo, ila hayapo kwenye duka moja na hayajaandikwa “vifaa vya modeli”.

Nenda Mtaa wa Aggrey, kwa mafundi simu. Wana vibano vyenye ncha ya sindano, bisibisi ndogo kuliko kiberiti, lenzi za kukuzia, na waya mwembamba wa shaba wanaotumia kurukia njia zilizokatika kwenye ubao wa simu. Spoku ya pikipiki ina unene wa milimita 3 hivi; kwenye modeli ni robo milimita. Spoku za plastiki za kwenye boksi mara nyingi ni nene kuliko hapo, kwa sababu plastiki haiwezi kumiminwa nyembamba kiasi hicho bila kuvunjika. Waya wa shaba wenye unene wa robo milimita unamaliza tatizo. Kwa nyaya za breki na klachi, waya wa kusukia mota kutoka kwa mafundi wa eneo la Gerezani unakuja kwa unene wa kila aina.

Hao mafundi simu wanalijibu pia dai jingine, kwamba kazi hii ni ya wenye macho ya mwewe na mikono isiyotetemeka. Mtazame fundi mmoja akifanya kazi. Viwiko vimeegemea meza, vidole vidogo vya mikono yote miwili vinagusana, taa iko karibu, lenzi iko mbele ya jicho. Uthabiti wa mkono wake unatokana na mkao, na mkao unafundishika.

Kwenye maduka ya vipodozi kuna tupa za kucha zenye ukali tofauti, na mashine ndogo ya kusagia kucha inayochimba plastiki vizuri ikizungushwa polepole. Kwenye maduka ya rangi za magari kuna msasa wa maji wa namba 400 hadi 2000, puti na praima. Puti ya gari ipake kwa tabaka nyembamba, kwa sababu inapokauka hutoa joto, na kemikali yake inaweza kulainisha ukuta mwembamba wa plastiki.

“Plastiki ni plastiki, hata ya ndoo inafaa.”

Si kweli. Vipande vya kwenye boksi vimetengenezwa kwa polistairini, na unapohitaji plastiki ya ziada tafuta ndugu yake. Tazama pembetatu ndogo iliyochapwa chini ya chombo. Namba 6 ndiyo polistairini. Makasha magumu ya CD, ambayo bado yamejaa kwenye mabanda, yametengenezwa kwa polistairini angavu na yanatoa vioo vya taa vizuri sana. Vikombe na vijiko vingi vya kutupa navyo ni namba 6. Ndoo mara nyingi ni namba 5 au namba 2, na dumu la mafuta ni namba 2; hizo gundi itateleza juu yake hata ukiomba dua.

“Gundi yoyote kali inashika.”

Nusu kweli. Gundi halisi ya modeli haibandiki kama gundi ya karatasi. Inayeyusha kingo mbili za polistairini zikachanganyika, kisha kimiminika kinapaa na kuacha kipande kimoja. Kwa hiyo haina kazi kwenye chuma, raba au waya. Huko ndiko supagluu inakofaa. Sehemu zilizong'arishwa kama kromu, kwa mfano rimu na ekzosi, zimefunikwa na tabaka jembamba la chuma, na gundi ya modeli haiwezi kulipita. Kwangua kidogo pale kipande kinapokutana na kingine. Kama unataka kuiondoa kromu yote, loweka vipande kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe, kama Jik, na itatoka yenyewe.

Asetoni, ile inayoondoa rangi ya kucha, huyeyusha polistairini, kwa hiyo inaweza kuunganisha na inaweza pia kuharibu uso wa tangi kwa tone moja. Petroli usiitumie kusafishia. Na popote utakapofanya kazi hizi, dirisha liwe wazi na jiko liwe mbali.

“Rangi lazima iwe maalumu, kutoka nje.”

Si kweli, ila na wanaosema rangi yoyote inafaa wamekosea vilevile.

Dar es Salaam ina ushahidi wake. Edward Saidi Tingatinga, aliyefanya kazi zake Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi alipofariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za enameli zenye mng'ao, zile za baiskeli na za majumbani, juu ya ubao wa kawaida. Wachoraji waliomfuata wameendelea na rangi hizo hadi leo. Enameli inachanganywa na tapentaini ya madini, ambayo ni pole kwa polistairini, na ukiipunguza uzito vizuri unaweza kuipaka kwa brashi laini ikajitandaza yenyewe. Wachoraji wa Tingatinga wanajua kuvuta mstari mwembamba wa enameli bila kutetereka. Kijana anayejenga modeli angejifunza mengi kwa kukaa karibu na mmoja wao kwa mchana mmoja.

Rangi ya gari inayochanganywa na tina ni habari nyingine. Ikipulizwa moja kwa moja kwenye plastiki tupu inaula uso wake na kuupasua pasua. Tanguliza praima, kisha puliza ukungu mwepesi, uache ukauke, urudie. Mafundi rangi wa magari wamezoea kumwaga rangi kwa unene. Kwenye modeli unene ni adui. Rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa kipimo cha 1/12, ni sawa na milimita 1.2 kwenye pikipiki halisi. Maandishi yaliyochongwa kwenye injini yanafukiwa, na vichwa vya bolti vinageuka chunusi.

“Wakati wa masika rangi haipulizwi.”

Kweli, kwa kiasi kikubwa. Rangi ya tina inapokauka, kimiminika kinapaa kwa haraka na kuupoza uso wa plastiki. Hewa ya Dar kati ya Machi na Mei imejaa unyevu, na unyevu huo unatua kwenye rangi mbichi na kuiacha na ukungu mweupe. Kama lazima upulize, fanya hivyo alasiri, saa nane au saa tisa siku isiyo na mvua, kwa kuwa unyevu wa hewa huwa juu zaidi usiku na asubuhi. Juni hadi Septemba ndio msimu mzuri. Enameli ya brashi haina tatizo hilo kubwa, ila inachelewa kukauka na inakamata vumbi. Ifunike na bakuli.

“Modeli nzuri ni ile inayong'aa.”

Kwa pikipiki ya kwenye duka, sawa. Kwa bodaboda, hapana, lakini hapa kuna kosa la pili ambalo linanikera: kuipaka vumbi jekundu kwa sababu picha za Afrika zote zina vumbi jekundu. Dar imekaa juu ya mchanga wa pwani. Uchafu wa barabara zake za katikati ni wa kijivu, na mvua ikinyesha unakuwa mweusi kwa maji ya mitaro na mafuta ya magari. Jekundu mara nyingi ni la chombo kilichotoka bara.

Uchakavu nao una mahali pake. Rangi ya tangi hufifia pale magoti yanapogusa. Sehemu za kukanyagia za abiria huchubuka hadi chuma kuonekana. Keria iliyochomelewa mtaani na kupakwa rangi mara moja hupata kutu kwenye maungio haraka, kwa sababu ya hewa ya chumvi ya bahari, wakati keria ya kiwandani hapohapo bado iko salama. Ekzosi hubadilika rangi karibu na silinda, kuelekea bluu na kahawia, kisha huendelea kung'aa nyuma. Siti inachanika kwenye mshono wa mbele kabla ya nyuma. Ukipaka uchakavu kila mahali kwa usawa, umeonyesha uchafu. Ukiupaka pale ulipotokea, mtu ataona kazi ya siku nzima ya dereva.

“Ni starehe ya wenye fedha.”

Nusu kweli. Boksi na usafirishaji wake ndiyo gharama kubwa, na kwa mshahara wa kawaida si jambo la kila mwezi. Lakini boksi moja, ukilibadilisha kwa bidii, linakupa miezi ya kazi. Na kuna njia isiyohitaji boksi. Watoto wa nchi hii wamejenga magari ya waya, ya makopo na ya vibao tangu zamani, yenye usukani mrefu unaogeuza magurudumu ya mbele kweli. Aliyewahi kukunja gari la waya tayari anajua jinsi fremu inavyobeba uzito. Mpe vipimo vya 1/12, makasha ya CD na waya wa 1.5, na atajenga pikipiki nzima bila kungoja mzigo kutoka Japani.

“Ikikamilika, kazi imeisha.”

Si kweli kwa hali ya hewa yetu. Tairi laini za vinili zina kemikali ya kulainisha ambayo, kwa joto na miaka, hutoka na kuyeyusha polistairini inayogusana nayo. Rimu inalowa na kunata, na modeli iliyosimamishwa juu ya plastiki ya namba 6 inaweza kuacha alama mbili za tairi zilizozama. Kabla ya kuvalisha tairi, ipake rimu rangi na uiache ikauke kabisa. Chombo kisimame juu ya kioo, bati au ubao, ndani ya sanduku lenye mfuniko, mbali na dirisha la mchana. Na namba ya usajili ya MC utakayoichapa kwa ajili ya kibati cha nyuma, changanya tarakimu na herufi zake ziwe za kubuni, usiweke ya dereva aliyekuruhusu kupima.